Ukibadilisha Ahadi, Badilisha Jina

Wacha tuanze na mat. Ukipanda gari lenye kibao cha 46, umepanda kwa sababu ya kibao. Dereva humjui, mwenye gari hujamuuliza. Nambari imekuahidi Kawangware na hiyo inatosha. Sasa dereva akiamua leo anaenda Rongai na kibao hakijaguswa, kosa lake ni nini? Rongai yenyewe haina shida. Shida ni kibao.

Swali hilo hilo limewasumbua watu wa programu huria kwa miaka, na majuzi ilibidi walijibu kwa vitendo.

Ndani ya kompyuta, programu haijitoshelezi. Badala ya kila moja kuja na vyombo vyake, zote huazima kazi kutoka kwa faili za pamoja zinazoitwa maktaba. Maktaba ina jina, na jina ndilo ahadi: ukiniita hivi, nitakujibu kama nilivyokujibu jana. Debian, mfumo ulioanza 1993, na mtoto wake Ubuntu, aliyezaliwa 2004, wanatumia maktaba nyingi zilezile. Kukiwa na ahadi iliyovunjwa kwa mzazi, mtoto anaumia, na hata mjukuu, kama vile Linux Mint iliyojengwa juu ya Ubuntu.

Tatizo lilikuja kwa saa. Mifumo hii huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Kwenye mashine za biti 32, hesabu ilikuwa inakaa ndani ya baiti 4 tu. Nafasi hiyo itajaa Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi hapa Nairobi. Sekunde inayofuata, mashine itadhani ni Desemba 1901, ule mwezi reli ilifika Kisumu.

Dawa ni kupanua nafasi iwe baiti 8. Rahisi, si ndio? Hapana. Programu ya zamani inaiachia maktaba nafasi ya baiti 4, maktaba mpya inaandika 8. Nne za ziada zinamwagikia data ya jirani. Hakuna anayepiga kelele. Vitu vinaharibika tu polepole, na hujui umlaumu nani.

Basi walipopanua saa kwenye mashine za ARM za biti 32, kwa ajili ya Ubuntu 24.04 ya mwaka 2024 na Debian 13 ya 2025, walibadilisha majina ya vifurushi vya mamia ya maktaba. libssl3 ikawa libssl3t64. Jina baya, hata kutamka ni kazi. Lakini linasema ukweli: mimi si yule uliyemzoea. Kifurushi cha kale kikimtafuta yule wa jana, kisakinishi kitakataa kuwaunganisha.

Kwa upande wa mashine za kale za biti 32 za ukoo wa Intel, hawakugusa saa kabisa. Kwa nini? Kwa sababu siku hizi mfumo huo unatunzwa hasa ili uendeshe programu za zamani: gemu na vitu vingine ambavyo mwandishi wake alishaondoka na msimbo haupatikani. Hakuna wa kumpigia simu arekebishe.

Unaweza kusema huo ni unafiki, huku mnabadilisha, kule mnaacha. Mimi naona ni uaminifu uleule. Tumelelewa na msemo kwamba ahadi ni deni, tukadhani deni hulipwa kwa kutobadilika tu. Lakini deni lina mwenyewe. Kama anaweza kusikia, mwambie waziwazi umebadilika, ajipange. Kama hawezi, mtunzie alichokiacha kwako, hata kama unajua 2038 inakuja.

Sisi vijana tunapenda kusema watu hubadilika. Sawa, badilika. Ila kuna mtu alipanga maisha yake kwa kutegemea ulivyokuwa, na bado anakuita kwa jina la zamani.

Steve Langasek, mmoja wa walioongoza kazi hii, alifariki Januari 2025. Ile asubuhi ya 2038 hataiona. Mashine zitakazoamka salama hazitamjua, na wenye mashine wengi hawatajua kwamba kuna siku mtu alikaa chini akawaza juu yao.