Kura: Haki au Hisani?

Je, kura ni haki ya mtu kwa kuwa ni raia, au ni hisani anayotunukiwa na wenye mamlaka? Hisani huweza kuondolewa na aliyeitoa. Haki haiondolewi ila kwa dhuluma. Ili kuipima tofauti hiyo, yafaa tuitazame historia ya Marekani.

Katiba ya Marekani iliyotungwa mwaka 1787 haikutamka kwamba kila raia ana haki ya kupiga kura. Jambo hilo liliachiwa majimbo, na kwa kawaida waliopiga kura walikuwa wanaume weupe wenye mali. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, Marekebisho ya 15 yalipitishwa mwaka 1870. Hata hayo hayakusema kwamba kila raia atapiga kura. Yalikataza tu raia kunyimwa kura kwa sababu ya asili yake, rangi yake, au kuwahi kuwa mtumwa.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, kumbe ndipo ulipo ufa. Mwenye nia ya kudhulumu, akikatazwa sababu moja, hutafuta nyingine. Mwaka 1890 jimbo la Mississippi liliweka katika katiba yake kodi ya kura, pamoja na sharti kwamba anayejiandikisha aweze kusoma kifungu cha katiba hiyo au kukieleza asomewapo. Mwandikishaji ndiye aliyeamua jibu lipi ni sahihi. Rangi haikutajwa, lakini kila mtu alijua nani amekusudiwa. Louisiana ilifuata nyayo hizo mwaka 1898. Huko, weusi walioandikishwa kupiga kura walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Mwaka 1904 hawakutimia 2,000.

Tangu hapo Wamarekani wamekuwa wakiziba ufa mmoja mmoja. Mwaka 1920 ilikatazwa kumnyima mtu kura kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1964 kodi ya kura ilipigwa marufuku katika chaguzi za taifa. Mwaka 1971 waliotimiza miaka 18 walikingwa wasinyimwe kura kwa sababu ya umri. Lakini msingi wenyewe haukuwekwa. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba raia hana haki ya kikatiba ya kuwapigia kura wajumbe wanaomchagua Rais, isipokuwa pale bunge la jimbo lake linapoamua wachaguliwe kwa kura za wananchi. Baadhi ya wabunge wamependekeza marekebisho ya kuitamka haki hiyo waziwazi, lakini hayajapitishwa.

Sisi nasi tuliwahi kuuonja uchungu huo. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958, kura ilitolewa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo, na kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mkulima aliyelilisha taifa alihesabiwa kuwa hafai kuchagua. Leo Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 5, yatamka kwamba raia aliyetimiza miaka 18 anayo haki ya kupiga kura, na sababu zinazoweza kumzuia zimetajwa humo humo. Kwa tamko la namna hiyo, anayetaka kumzuia raia ndiye anayepaswa kujieleza, si raia.

Huenda mtu akauliza: maneno ya katiba yana faida gani ikiwa wenye nguvu huyapuuza? Ni kweli kwamba kutoka mwaka 1870 hadi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 ilipita miaka 95. Maandishi hayajilindi yenyewe. Lakini watu waliopigwa darajani Selma mwezi Machi 1965 hawakuwa wakiomba hisani. Walidai kile ambacho taifa lao lilikuwa limekwisha kukiandika. Maandishi yaliwapa hoja, nao wakayapa uhai.

Basi mwalimu anapowafundisha wanafunzi katiba, asiwafundishe kukariri ibara tu. Awafundishe kuuliza: haki hii imetamkwa, au imedokezwa tu? Na ikiwa imetamkwa, nani anailinda? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa haki hujengwa na raia wanaojua kwamba ni wao wenye nyumba.