Shaka ya Mtarajali na Mipaka ya Unyenyekevu

Nchini Tanzania, mhitimu wa shahada ya udaktari, baada ya miaka 5 ya masomo ya chuo kikuu, haruhusiwi kutibu kwa kujitegemea mpaka amalize mwaka mmoja wa utarajali, yaani kipindi cha kuwahudumia wagonjwa hospitalini chini ya uangalizi wa madaktari wenye uzoefu, akizunguka idara ya magonjwa ya ndani, ya upasuaji, ya watoto, na ya akina mama na uzazi. Usajili anaopewa na Baraza la Madaktari Tanganyika katika mwaka huo ni wa muda. Hadhi hii ya katikati, ambamo wagonjwa humwita mtu daktari ilhali taaluma yenyewe bado haijampokea kikamilifu, huzaa shaka ya aina ya pekee: mtarajali aliyefaulu mitihani yake yote hujikuta, katika zamu ya usiku, akiamini kwamba alifaulu kwa bahati, kwamba wenzake wanayajua kweli yale ambayo yeye anajifanya kuyajua, na kwamba iko siku atafichuliwa. Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza hali ya namna hii walipowachunguza wanawake waliofanikiwa katika elimu na kazi lakini wakajiona walaghai. Linalobaki kwa falsafa na teolojia ni kuuliza iwapo shaka hiyo ni fadhila au ni kasoro, na swali hilo lina uzito katika jamii za Afrika Mashariki, ambamo kijana anayejishusha mbele ya wakubwa husifiwa kuwa na adabu, na mara nyingi hakuna anayechunguza kinachoendelea chini ya adabu hiyo.

Hapana budi kwanza kutenganisha shaka mbili. Moja huelekea kwenye jambo: mtarajali hana hakika kama homa ya mtoto imetokana na malaria au ni homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo hurudia kumpima, huagiza kipimo kingine, huuliza, na kwa njia hiyo shaka inakuwa sehemu ya maarifa yenyewe. Nyingine huelekea kwenye nafsi, nayo haiulizi lolote, kwani ingawa hujitokeza kwa sura ya swali, kwa kweli ni hukumu iliyokwisha kutolewa kwamba mhusika hafai. Anayejitilia shaka kwa namna hii ana yakini kamili juu ya udhaifu wake, na yakini hiyo ndiyo pekee asiyothubutu kuihoji.

Hapa ndipo Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, anapotoa hoja isiyotarajiwa. Katika Summa Theologiae anajadili udogo wa moyo, kwa maana ya tabia ya mtu kukwepa mambo yaliyo ndani ya uwezo wake, na anauhesabu kuwa dhambi, akiufananisha na kosa la yule mtumishi katika mfano wa Injili aliyeifukia ardhini talanta ya bwana wake. Anaongeza kwamba udogo wa moyo unaweza kutokana na kiburi, pale mtu anaposhikilia mno maoni yake mwenyewe na kujiona hawezi yale anayoyaweza. Kumshtaki kijana anayetetemeka kwamba ana kiburi kunaweza kuonekana ukatili, na pengine Thomas hakuwahi kukesha wodini. Hata hivyo, kiburi anachokitaja si majivuno, bali ni kukataa ushahidi wa wengine. Walimu waliomfundisha mtarajali, watahini waliompitisha, na daktari bingwa aliyemkabidhi wagonjwa wameshatoa maoni yao, na anayesema kwamba wote hao walidanganyika anadai, bila kukusudia, kwamba yeye peke yake ndiye aliyeona sawasawa. Unyenyekevu wa kweli ungemtaka akubali kwamba hata katika kujidharau anaweza kukosea.

Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wanafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Kanuni yao mashuhuri ni kwamba yakini haiondolewi na shaka: aliyetawadha kisha akawa na shaka kama udhu wake umetenguka huhesabiwa kuwa bado ana udhu, mpaka apate hakika ya kinyume chake. Kanuni hiyo ingemfaa mtarajali, ila ina mpaka wake, kwa sababu cheti huthibitisha masomo tu, na mkono haujifunzi kushona jeraha kwa kusoma. Aristotle alikwisha kuona kwamba yapo mambo ambayo mtu hujifunza kuyatenda kwa kuyatenda. Kwa hiyo kumwambia mtarajali wa wiki ya kwanza kwamba anaweza kila kitu ni uongo ulio sawa na ule anaojiambia mwenyewe.

Kisa cha Musa, ambacho Biblia na Kurani zote zinakisimulia, kinaukwepa uongo huo wa pande zote mbili. Musa anapotumwa kwa Farao anautaja ulimi wake mzito, na katika masimulizi yote mawili haambiwi kwamba ni msemaji hodari. Katika Sura Ta-Ha yeye mwenyewe anaomba ndugu yake Haruni awe msaidizi wake, naye anakubaliwa. Katika Kitabu cha Kutoka anaendelea kukataa mpaka Mungu anakasirika, lakini hata hapo anapewa Haruni. Udhaifu wake haukanushwi, ila kutumwa kwake hakutenguliwi, na pengo linazibwa na mtu wa pili. Huo ndio muundo wa utarajali, ambao umewekwa kwa sababu inajulikana wazi kwamba mhitimu hajakamilika.

Lakini muundo huo unadai Haruni awepo. Pale ambapo daktari bingwa hapokei simu saa nane za usiku, au swali la mtarajali linajibiwa kwa kejeli mbele ya wagonjwa wakati wa kupitia wodi asubuhi, haiwezekani kumtaka kijana huyo aache kujitilia shaka, kwa maana shaka yake haiko tena juu ya nafsi yake. Iko juu ya hospitali, na anayo haki ya kuwa nayo.