Mvua ya Mbali Huua Karibu

Jumapili ya tarehe 22 Aprili 2012, kikundi cha vijana wa kanisa kilishuka katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya. Walikuja kutembea, kufurahi na kurudi nyumbani jioni, kama wafanyavyo watu wengi wa Nairobi na vitongoji vyake mwisho wa juma. Mafuriko ya ghafla yakawakuta humo humo korongoni. Saba kati yao walipoteza maisha.

Miaka saba baadaye, Jumapili nyingine, tarehe 1 Septemba 2019, maji yaliwavamia watalii wengine katika korongo lile lile. Safari hii pia walifariki watu saba, na mmoja wao alikuwa mwelekezi, mwenyeji aliyeijua njia ile. Kuhusu msiba wa kwanza mtu angeweza kusema kwamba Aprili ni mwezi wa masika, kila mtu anajua. Kuhusu wa pili hana la kusema. Septemba masika yamekwisha kitambo na vuli bado haijaingia. Ni mwezi ambao mtu hupanga matembezi bila hata kuwaza mwavuli.

Visa hivi vinasimuliwa hapa kwa heshima ya waliotangulia, na hakuna nia ya kuwahukumu. Wao walifanya jambo ambalo wengi wetu tumelifanya, nasi tukatoka salama tukadhani ni ujuzi wetu. Lakini msiba uliotokea mara mbili mahali pamoja una somo ndani yake, na asiyetaka kulisoma somo hilo anawaachia wanawe walisome kwa machozi.

Hell's Gate iko kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984, na ukubwa wake ni kama kilomita 68 za mraba tu. Ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli huku pundamilia na twiga wakila majani kando yake. Kwa kijana wa mjini ambaye wiki nzima amebanwa ndani ya matatu na ofisi, siku moja ya namna hiyo ni dawa. Anaondoka alfajiri, anapita magenge mekundu na mnara wa mawe uitwao Fischer's Tower, na adhuhuri inamkuta amesimama kwenye mdomo wa korongo.

Hapo ndipo mambo hubadilika, ingawa macho hayaoni. Juu ni uwanda mpana, upepo na anga. Ukishuka hatua chache tu, anga linakuwa utepe. Kuta zinakaribiana hadi sehemu nyingine unaweza kunyoosha mikono ukagusa huku na huku. Chini kuna mchanga na vijito vyembamba, na penye chemchemi maji huchuruzika ukutani yakiwa ya moto, kwa sababu eneo lote limekalia joto la volkano, lile lile linalozalisha umeme pale Olkaria jirani. Penye mwamba mrefu unashuka ukitafuta vishimo vya kuwekea vidole vya miguu, huku mwelekezi akikuambia weka mguu hapa, sasa huu hapa. Kupita hapo mtu mmoja huhitaji muda. Kupita kundi zima huhitaji muda mrefu zaidi, na njia ya kurudi ni ile ile.

Sasa zitazame zile kuta. Ni laini, zimepindapinda kwa mikunjo mizuri ambayo kila mgeni husimama mbele yake akapigwa picha. Mikunjo hiyo ni kazi ya maji. Zamani sana, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo, lilifurika upande wa kusini, na maji yake yakapita hapa yakichonga miamba myororo iliyotokana na majivu ya volkano. Ziwa lilipopungua, mfereji ulibaki. Hadi leo mvua ikinyesha juu ya vilima vya karibu, maji hutafuta njia yake ya kale. Anayetembea humo anatembea ndani ya mto ambao kwa siku nyingi za mwaka hauna maji, na mto usio na maji bado ni mto.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Uwandani methali hiyo ni kweli tupu. Korongoni inaweza kumpoteza mtu, kwa maana mawingu yenyewe yako mahali pengine. Mvua kubwa inaweza kupiga kilimani, kilomita kadhaa kutoka ulipo, wakati juu ya kichwa chako jua linawaka. Ardhi ya kule imekauka na kugandamana, haiwahi kunywa maji yanayomwagika kwa wingi hivyo. Yanateremka kwa vijito mia, vijito vinakutana, na vyote vinamiminwa korongoni kama kwenye mdomo wa faneli. Kijito kilichokulowesha nyayo dakika chache zilizopita kinageuka ukuta wa matope, mawe na magogo.

Wengi huamini kwamba wakiona maji watakimbia, au watasimama imara wayaache yapite. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Na mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana maji yaendayo kasi hayahitaji kufika kifuani ili yamwangushe mtu mzima. Yakifika magotini yanatosha, tena mara nyingi hata chini ya hapo. Na maji ya korongoni hayaji matupu. Jiwe ambalo huwezi kulinyanyua yanalibingirisha. Kujua kuogelea hakumsaidii mtu humo.

Hayo ni ya maumbile, nayo hayana shauri na mtu. Linalotuhusu ni lile lililo mikononi mwetu: kwa nini mtu huingia korongoni siku ambayo hakupaswa kuingia?

Tuseme ukweli kuhusu jinsi safari hizi zinavyopangwa. Kundi la WhatsApp linaanzishwa, mchango unatolewa, basi dogo linakodiwa, fulana zinachapishwa. Watu wameomba ruhusa nyumbani, wengine wamekopa nauli. Wanafika langoni na mtu mmoja anatupa jicho kule mbali, anaona weusi juu ya vilima. Anasita. Akisema, atakuwa ndiye aliyewaharibia wenzake siku. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu. Basi ananyamaza. Kiongozi wa msafara naye ameshapokea pesa za watu, na mwelekezi anajua kwamba korongo likifungwa, siku ile anarudi nyumbani mikono mitupu. Kila mmoja ana shaka yake moyoni, kila mmoja anamtazama mwenzake, na kundi zima linashuka. Hakuna aliyeamua kwamba ni salama. Ni kwamba hapakuwa na mtu wa kusema turudi.

Hapo ndipo penye funzo lenyewe. Uamuzi wa kutoingia huwa rahisi mahali pamoja tu, nao ni juu, kabla ya mguu wa kwanza kushuka. Ukishafika chini, kati ya kuta mbili, hakuna nafasi ya baraza wala muda wa kura. Kwa hiyo uamuzi huo ufanywe mapema, tena utamkwe kwa sauti, ili asiwepo wa kuuonea haya. Msafara wenye busara hukubaliana tangu nyumbani: tukisikia radi, tukiona wingu zito upande wowote, au mwenyeji akisema hapana, hatushuki, na pesa zilizolipwa tunazihesabu kuwa zimekwenda. Akitokea mmoja anayesema nina wasiwasi, neno lake linatosha. Asibembelezwe wala asichekwe.

Langoni, kabla ya kulipia baiskeli na kununua maji ya kunywa, uliza maswali mawili kwa askari wa hifadhi au mwelekezi. La kwanza: mvua imenyesha wapi tangu jana? Usiulize kama itanyesha hapa, kwa sababu hilo si swali la korongo. La pili: njia za kupandia, za kutokea haraka, ziko wapi, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo gani? Mwelekezi akikujibu, mwambie akuonyeshe kila moja mnapoipita. Na ujira wake mlipe hata kama mmeghairi. Anayemlipa mwelekezi kwa kusema usiingie amenunua maisha yake kwa bei ndogo sana. Tukiwalipa kwa kuingia tu, tunawafundisha kutuficha ukweli.

Mkishashuka, acheni macho yafanye kazi. Ukiona majani makavu, vijiti au kipande cha plastiki kimekwama ufani mwa mwamba juu ya kichwa chako, ujue maji yalifika pale. Kijito kilichokuwa cheupe kikiwa chekundu kwa udongo, au kikianza kubeba takataka, hiyo ni habari kutoka juu. Sauti ya mvumo usiouelewa ni habari pia. Dalili yoyote kati ya hizo ikitokea, pandeni palepale mnapoweza kupanda. Msikimbie kufuata mkondo, kwa maana hakuna ashindanaye mbio na maji akashinda. Mkoba uache. Simu iache. Na mkiwa juu, kaeni juu, hata maji yakionekana kupungua, kwa sababu wimbi la pili linaweza kuwa njiani.

Jambo hili si la Hell's Gate peke yake. Wanaopanda milima ya Uluguru kutoka Morogoro mjini, nchini Tanzania, huvuka vijito asubuhi kwa kuruka mawe, na alasiri, mvua ikishapiga vileleni, mawe yale yale hayaonekani. Anayezunguka ukingo wa kreta ya Longonot, ambayo kilele chake kina mita 2,776, hana korongo la kuogopa, lakini ana radi na ukosefu wa mahali pa kujificha. Kwenye vilima vya Ngong ukungu hushuka ukafuta njia. Na kote huku kwetu karibu na ikweta, jua likizama giza halikawii. Anayehesabu saa zake kwa matumaini hukutwa na usiku porini. Mahali hubadilika, kanuni inabaki: mwulize mwenyeji, panga wakati wa kugeuka kabla ya kuanza, mwachie mtu nyumbani habari za njia unayopita na saa unayotarajiwa kurudi.

Wapo watakaosema kwamba basi tukae nyumbani. La hasha. Pori lililo karibu na mji ni neema. Mtoto aliyewahi kumwona twiga bila kioo cha gari katikati yao hukua akijua nchi yake ni zaidi ya lami. Tunataka vijana waendelee kwenda, tena wengi zaidi, na walezi wao wawaruhusu bila hofu. Ruhusa hiyo itapatikana tukiwaonyesha wazazi kwamba tunajua kughairi.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari ya Jumapili ijayo, uliye na orodha ya majina na nauli za watu mfukoni, anza na jambo hili kabla ya chakula na fulana. Liandikie kundi lako leo: tutageuka tukiona nini, na nani ana haki ya kusema tugeuke. Jibu la swali la pili liwe ni kila mmoja wetu. Kisha siku ile mwenzako akilisema neno hilo, hata kama ndiye mdogo kuliko wote na jua linawaka, geukeni pamoja, na wewe kiongozi uwe wa kwanza kumshukuru.