Deni la Majeruhi wa Leo kwa Mgonjwa wa Kesho
Daktari anayempa majeruhi wa moto kiuavijasumu, yaani dawa ya kuua bakteria, hugusa pia haki ya watu wasiokuwamo wodini, kwa kuwa dawa hiyo huwaangamiza bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu, ambao huzaana na huweza kumfikia mgonjwa mwingine. Je, ni halali kumnyima dawa aliyelazwa leo ili itunzwe kwa ajili ya asiyejulikana hata jina? Kwa kipimo cha Immanuel Kant, aliyekataza mtu kutumiwa kama chombo tu, kunyima huko ni dhuluma; lakini kuitoa dawa ovyo nako humdhulumu yule wa kesho.

Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia katika viumbe hai, huonekana kuupunguza mvutano huo. Alexander Fleming, kabla ya kugundua penisilini mwaka 1928, alikwisha kueleza mwaka 1922 habari za lisozimu, kimeng'enya kilichomo katika machozi na ute wa yai, ambacho hukata ukuta wa bakteria. Endolisini, zitokanazo na virusi vinavyoshambulia bakteria, hufanya kazi kama hiyo kwa kuchagua zaidi bakteria wa kushambulia, na huweza kupakwa moja kwa moja juu ya ngozi iliyoungua, ambayo mishipa yake ikishakufa dawa ya sindano huifikia kwa shida. Hata hivyo Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayeogopwa sana katika wodi za majeruhi wa moto, ana utando wa nje unaozizuia endolisini nyingi, na vimeng'enya hivi havijachukua nafasi ya viuavijasumu.

Ili vithibitishwe, lazima mgonjwa fulani akubali kujaribiwa, na hapo majeruhi wa leo hubebeshwa tena mzigo wa wengine, ingawa safari hii huombwa, wala hanyimwi. Tofauti hiyo ni kubwa kimaadili, mradi ombi liwe ombi kweli. Aliyeungua vibaya, ambaye akili yake imezongwa na maumivu na dawa za kuyatuliza, hawezi kuhesabiwa ameridhia kwa sababu tu ametia sahihi. Haki inadai jamaa zake washirikishwe, aulizwe upya maumivu yakipungua, na akikataa atibiwe kwa dawa iliyokwisha kuthibitika, bila kulaumiwa.