Tusiwasomee wachoraji nusu ya hadithi

 

Ndugu zangu Waislamu, leo nina jambo la kukiri mbele yenu. Mtaani kwetu Tandika kuna kijana ambaye tangu yuko madrasa mkono wake ulikuwa hautulii. Ustadhi akitoka kidogo, akirudi anakuta mbuzi ubaoni, au daladala na konda ananing'inia mlangoni. Alipokua akaifanya kazi ya riziki. Siku moja baada ya Alasiri alisimama kwenye baraza ya msikiti akigawa karatasi za mwaliko. Yeye na wenzake walikuwa na maonyesho ya michoro na picha za kamera. Nikamkatiza. Nikamwambia mbele za watu kwamba wachoraji wana adhabu kali Siku ya Kiyama, watatakiwa kuvitia roho walivyovichora na hawataweza. Wazee wakaitikia, "Umesema kweli, ustadhi." Kijana akakunja karatasi zake akaondoka. Sikumwona tena msikitini, hata Ijumaa.

Nilijihesabu kuwa nimekataza maovu. Kilichonisuta ni kurudi kitabuni.

Amepokea Imam Bukhari kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (RA), akamweleza kuwa riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, naye ni mtengenezaji wa picha. Ibn Abbas akamsomea onyo lile lile nililomsomea kijana wetu. Yule mtu akashusha pumzi nzito, uso ukapauka. Ibn Abbas akauona ule uso. Hakumwacha hapo. Akamwambia kwamba kama hana budi na kazi hiyo, basi achore miti na kila kisicho na roho.

Je, mimi niliutazama uso wa kijana? Wallahi sikuutazama. Nilikuwa natazama wazee.

Sisemi kwamba suala la picha ni jepesi. Wanazuoni wengi wamekataza kuchora chenye roho, na hadithi zake ni sahihi. Kuhusu picha za kamera wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika kuzijuzisha, na wengine wakakataa ila kwa dharura. Lakini hakuna anayekwenda Hija leo bila picha ya pasipoti, na ustadhi huyu anayekuandikia anazo tatu kwenye droo. Penye khitilafu kama hii, ukali wangu pale barazani ulitoka wapi?

Nikapanda daladala kumtafuta. Nilimkuta Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga. Mchoro huo umepata jina kwa Edward Saidi Tingatinga, mtu aliyetoka kusini, upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta kibarua. Mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, maana ndizo alizozimudu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Jamaa zake na wanafunzi wake wakaendeleza, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Familia ngapi zimekula kwa brashi ile!

Nikamwomba radhi kijana. Kisha nikamsomea ile nusu ya pili, ya miti. Akatabasamu. "Shikamoo ustadhi, mbuyu nimeshauchora." Akauelekeza ukutani. "Una miezi mitatu hapo. Mzungu anataka chui chini ya mbuyu. Mbuyu mtupu nani atanunua?"

Hapo ndipo nilipokosa la kusema. Nani atanunua? Ibn Abbas alimfungulia mtu mlango. Sisi tunaomwonyesha kijana mlango huo huo hatuna hata shilingi ya kumpokea akiingia. Tazama misikiti yetu na sebule zetu: saa ya plastiki yenye Ayatul Kursiy kutoka China, picha ya Makka yenye taa zinazowaka na kuzima. Tunazinunua bila kupunguziwa bei. Na sisi ndio watu wa pwani hii! Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kufi yaliyochongwa kwenye jiwe mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kule Siyu, kisiwa cha Pate, waliandika misahafu kwa mkono na kuipamba kurasa zake. Milango ya Zanzibar ina aya na maua yaliyochongwa. Hao nao walikuwa mafundi wenye watoto wa kulisha, na aliyewalipa alikuwa Muislamu mwenzao.

Nimepeleka ombi kwenye kamati kwamba kijana aandike aya kwenye ukuta wa madrasa. Si ukuta wa kibla, najua watakaosema unashughulisha wanaoswali, na wana hoja. Nimejibiwa kwamba fungu la rangi halipo. Kamati hiyo hiyo ilinunua saa mbili kabla ya Ramadhani.

Ijumaa iliyopita kijana alikuja, akaswali safu ya mwisho, karibu na viatu. Mbuyu wake uko sebuleni kwangu. Nusu ya bei nimemlipa, nusu bado ananidai.