Kura Ndani ya Nyumba ya Gavana

Mtu anayetumbukiza karatasi kwenye sanduku ndani ya jumba la sanaa amefanya tendo la kisiasa, au ameigiza tu? Hili ni swali la maadili kabla ya kuwa la sanaa, kwa sababu kazi inayomwalika mtazamaji ashiriki humwahidi kwamba mkono wake una uzito. Ahadi ikiwa ya uongo, mtu huyo amepumbazwa: atarudi nyumbani akiamini ametimiza wajibu ambao hata hajauanza. Kwangu mimi, jibu halimo katika ufundi wa kazi wala wingi wa walioshiriki. Limo katika kama anayehojiwa yupo karibu kiasi cha kusikia, na kama kusikia huko kunamgharimu.

Mwaka 1970 msanii Hans Haacke aliweka masanduku mawili yanayoonyesha kilichomo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York. Juu yake aliandika swali: je, kwa kuwa Gavana Rockefeller hajaikemea sera ya Rais Nixon huko Indochina, utamnyima kura Novemba? Wa ndiyo walitia karatasi kushoto, wa hapana kulia, na kila aliyeingia aliliona rundo la kushoto likipanda. Zaidi ya 25,000 walijibu ndiyo. Wa hapana hawakufika nusu yao. Lakini uzito wa kazi ile haukuwa katika hesabu. Mama yake gavana alikuwa mmoja wa waanzilishi wa jumba hilo, na gavana mwenyewe alikuwa mdhamini wake. Wageni walikuwa wakiulizwa juu ya mwenye nyumba wakiwa sebuleni kwake.

Novemba ilipofika Rockefeller alishinda, na wapo wanaoona hapo ndipo hoja inapokufa. Ni kweli kwamba wageni wa jumba la sanaa si wapiga kura wa jimbo zima. Ila Haacke hakuwa akitabiri uchaguzi. Alikuwa akivunja dhana kwamba jumba la sanaa halina upande. Mwaka uliofuata jumba la makumbusho la Guggenheim lilifuta maonyesho ya Haacke, yaliyokuwa na kazi iliyoanika picha na rekodi za umiliki wa majengo ya mitaa maskini ya New York. Hakuna anayejisumbua kufuta mchezo usiomgusa.

Pingamizi zito zaidi linahusu jukwaa linalotolewa kwa ruhusa. Katika maonyesho ya sanaa ya Havana, Cuba, 2009, msanii Tania Bruguera aliweka kipaza sauti, na yeyote alipewa dakika moja aseme atakalo, njiwa mweupe akiwa begani. Dakika ikiisha, wawili waliovaa sare za kijeshi walimwondoa. Inasemekana uhuru wa namna hiyo ni wa kuazima, na serikali hujipatia sifa ya uvumilivu bure. Sifa hiyo haikudumu. Mwanablogu Yoani Sánchez alipanda akadai intaneti isiyodhibitiwa, na kamati ya maonyesho hayo ikatoa tamko la kulaani. Desemba 2014 Bruguera alipotaka kukipeleka kipaza sauti hicho kwenye uwanja wa Plaza de la Revolución, alikamatwa kabla hakijawashwa, na pasipoti yake ikachukuliwa. Kazi ilikuwa ileile; kilichobadilika ni uwanja tu.