Tone la Rangi Kwenye Kiwiko

Sisi tunaopuliza rangi za magari, Adhuhuri yetu inanukia tina. Muadhini akianza tu, chupa ya tina ya kuondolea rangi inazunguka gereji nzima, kila mtu anasugua vidole, kucha na viwiko. Tone la rangi likikauka linakuwa ganda, na chini ya ganda maji hayafiki, udhu haujatimia. Weusi wa grisi uliogoma kutoka baada ya sabuni hauna neno. Ni weusi tu usio na ganda, sawa na wekundu wa hina ya bibi harusi. Kwa hiyo naingia msikitini na viganja vyeusi, tohara yangu kamili, wakati mwenye kucha zinazong'aa kwa rangi ya dukani hajatawadha bado. Mpita njia angeulizwa nani msafi, asingenitaja mimi.

Halafu kuna tayamamu. Sura ya Al-Maida, aya ya 6: maji yakikosekana, udongo safi, uso na mikono. Mimi nashinda nikifukuza vumbi kwenye boneti, kisha naambiwa vumbi hilohilo linanitosha kusimama mbele ya Mola wangu! Basi kinachotakiwa hapa si kung'ara. Ni kuitika.

Wako wanaojisugua hadi ngozi inachubuka, wanarudia tena na tena mpaka sala ya jamaa inawapita. Hao wana wasiwasi, na wasiwasi hauoshwi. Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, hayafiki hata lita. Imamu Ghazali, Mshafii kama sisi, aliyefariki 1111, aliwalaumu watu wa namna hiyo katika kitabu chake Ihya, akakumbusha kwamba Sayyidna Umar alitawadha kwa maji ya mtungi wa mwanamke Mkristo. Tohara aliipanga daraja nne: kusafisha mwili kutokana na uchafu, viungo kutokana na dhambi, moyo kutokana na tabia mbovu, na siri ya ndani kutokana na kila kisichokuwa Mungu.

Daraja ya pili ndiyo inayotukamata mafundi. Mkono huohuo uliosuguliwa kwa tina ndio uliopaka puti juu ya kutu, ukapokea hela.

Kijana wangu wa kazi aliniuliza: akiona tone kiwikoni baada ya salamu? Alitoe, aoshe pale, apake kichwa, aoshe miguu kwa ajili ya tartibu, yaani mpangilio wa viungo, arudie rakaa zake nne. Na ile puti? Nikamwambia amfuate mwenye gari. Akanyamaza, akauliza kama tina imebaki.